KISHIKWAMBI AU LAPTOPU? SOMA KWANZA KABLA HUJATOA HELA MFUKONI

Haya wadau, leo tuongelee swali ambalo naulizwa karibu kila wiki nikiwa kafe hapa Masumbwe. Kijana kapata vijisenti vyake, labda kauza mpunga, labda kapata mgao kwenye duara, anakuja kunong'ona pembeni: "Kaka, ninunue kishikwambi au laptopu?" Mmoja anataka kuanza kazi ya kuchapa barua, mwingine anajiandaa kwenda chuo, mwingine anataka tu aonekane na yeye yumo. Mimi sio injinia wa kompyuta, shule nimeishia kidato cha nne, lakini hili swali nimelijibu kwa hela yangu mwenyewe, na iliniuma.

Jibu fupi ni hili: kishikwambi ni cha kusoma, kuangalia na kujaza. Laptopu ni ya kutengeneza kitu ambacho hakikuwepo. Ukinunua kimoja ukakipa kazi ya mwenzake, utajuta. Sasa twende taratibu.

TUELEWANE MAJINA

Kishikwambi ndio tableti. Ni kompyuta bapa ya kioo cha kugusa, kwa kawaida inchi 7 hadi 11, haina kibodi yake, na vingi vinatumia Android kama simu zetu. Wengi neno hili tulilizoea 2022, makarani wa sensa walipopita majumbani navyo. Laptopu, au kompyuta mpakato kama wanavyoandika wakubwa, ina kibodi yake na mara nyingi inatumia Windows.

VILITOKA WAPI

Wazo la kishikwambi ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1972 Mmarekani Alan Kay aliandika kuhusu kompyuta ndogo ya kubebeka kwa ajili ya watoto, akaiita Dynabook. Haikutengenezwa. Mwaka 2002 Microsoft walileta Tablet PC, ikaendeshwa na Windows na kuandikwa kwa kalamu yake, lakini ilikuwa ghali na haikushika soko. Aprili 2010 Apple wakaanza kuuza iPad ya inchi 9.7 kwa dola 499, na mwaka huo huo Samsung wakatoa Galaxy Tab ya inchi 7. Hapo ndio mchezo ulipobadilika.

Kwenye kompyuta za kubeba, Osborne 1 ya mwaka 1981 ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, na ukitaka kuitumia lazima uchomeke kwenye umeme. Kwa hiyo ukiona laptopu yako ya kilo 2 ni nzito, mshukuru Mungu.

SENSA 2022: HAPA KISHIKWAMBI KILISHINDA

Mfano mzuri kuliko wote tunao hapa hapa nyumbani. Sensa ya 2012 ilifanyika kwa madodoso ya karatasi. Usiku wa sensa ulikuwa kuamkia Agosti 26, na matokeo ya mwanzo yakatangazwa Desemba 31. Hiyo ni miezi minne na siku kadhaa. Sensa ya 2022 ikafanyika Agosti 23 kwa vishikwambi, na Rais Samia akatangaza matokeo ya mwanzo Oktoba 31 kwamba tuko watu 61,741,120. Miezi miwili na wiki moja hivi. Sio kishikwambi peke yake kilicholeta kasi hiyo, ila kukata hatua nzima ya kukusanya karatasi na kuziingiza kwenye kompyuta sio jambo dogo.

Sasa jiulize, karani alikuwa anafanya nini pale mlangoni kwenu? Alikuwa anajaza. Swali linatokea, anagusa jibu, anaandika umri, anaenda swali lingine. Amesimama juani, mkono mmoja umeshika kifaa. Mpe karani huyo laptopu uone kama atamaliza kitongoji. Kazi ya namna hiyo kishikwambi hakina mpinzani.

Baada ya sensa Serikali ikaanza kuwagawia walimu vishikwambi mwishoni mwa 2022. Kwa mwalimu kusomea kitabu, kuonyesha picha darasani au kuingiza mahudhurio, kinatosha. Ila muulize mwalimu yeyote unayemfahamu kama mtihani wa kurasa nane wenye michoro anautunga humo. Wengi utawakuta stesheneri.

TANGA NA KENYA WANATUFUNDISHA NINI

Tuondoke kidogo kanda yetu ya dhahabu. Kulikuwa na shindano la kimataifa liitwalo Global Learning XPRIZE, na kati ya 2017 na 2019 uwanja wa majaribio ulikuwa mkoa wa Tanga, vijiji karibu 170. Watoto ambao wengi wao hawakuwahi kukaa darasani walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia kwa Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wakatangazwa, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10.

Kenya nao wana kisa chao. Kwenye kampeni za 2013 muungano wa Jubilee uliahidi laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza. Watu wakasubiri, zabuni zikavurugika. Mradi ulipoanza kweli 2016, watoto walipewa tableti na laptopu zikaenda kwa walimu. Wapo waliosema wamedanganywa. Lakini ukiangalia kazi yenyewe, mtoto wa miaka sita anahitaji kugusa picha na kusikia sauti, na mwalimu ndiye anayeandaa somo. Mgawanyo ule ulikuwa na akili kuliko ahadi ya mwanzo.

KISA CHANGU MIMI

Mwaka 2023 baada ya mavuno ya mpunga mzee alinipa fungu langu, jumla nikawa na shilingi 400,000. Nikapanda gari mpaka Kahama. Laptopu iliyotumika niliyoipenda, muuzaji alitaka 450,000 na hashuki hata mia. Pembeni kuna kishikwambi kipya cha inchi 10, kinang'aa, 320,000. Nikajisemea, kina Word humo humo, kioo kikubwa, na chenji inabaki. Nikalipa. Mpango wangu ulikuwa kuchapa kazi za watu.

Mteja wa kwanza akawa dada mmoja wa chuo aliyekuwa huku kwa mafunzo ya vitendo. Ripoti ya kurasa 32 kwa mkono, tukakubaliana 500 kwa ukurasa, yaani 16,000. Nikaanza. Ile kibodi ya kwenye kioo inakula nusu ya kioo chenyewe, kwa hiyo unaona mistari michache tu ya unachoandika. Vidole havihisi herufi, kila baada ya neno unarudi kusahihisha. Siku mbili nzima nikawa na kurasa 11. Majedwali ndio usiseme, ukigusa kisanduku kimoja kinachaguliwa cha jirani.

Nikapeleka hizo 11 stesheneri tujaribu kuprinti. Fleshi haiingii, mpaka uwe na kiunganishi cha OTG ambacho sikuwa nacho. Nikaituma kwa barua pepe. Kufungua kwenye kompyuta yao, majedwali yamehama, namba za kurasa hazipo, vichwa vya habari vimekaa peke yao chini ya ukurasa. Na dada anatakiwa kukabidhi Ijumaa.

Ikabidi nikodi mashine kafe, 1,000 kwa saa, saa saba, nikaanza upya. Alikabidhi Jumatatu badala ya Ijumaa, na msimamizi wake alimsema. Akanilipa 10,000, na sikuwa na mdomo wa kudai zaidi. Ukitoa 7,000 ya kafe, nilibaki na 3,000 kwa wiki nzima. Kibaya zaidi, wenzake wanne waliokuwa waje kwangu hawakuja. Kilichoharibika sio kishikwambi, kilikuwa kizima kabisa. Nilikosea mimi kukipa kazi isiyo yake.

Kile kishikwambi bado kipo nyumbani na kinafanya kazi kubwa. Mdogo wangu anasomea vitabu kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, bure, analipia bando tu. Mama anaingizia hisa na mikopo ya kikundi chao. Mimi nilijikusanya zaidi ya mwaka mmoja ndio nikapata laptopu iliyotumika, mwishoni mwa 2024.

TULINGANISHE MOJA MOJA

Umeme. Chaja ya kishikwambi kwa kawaida ni wati 10 hadi 20, ya laptopu nyingi ni wati 45 hadi 65. Kishikwambi unachaji hata kwa sola ndogo ya nyumbani au kwenye pikipiki yenye tundu la USB. Laptopu za zamani zinataka inveta. Kizima kinakaa saa 8 hadi 10, wakati laptopu iliyotumika betri yake inaweza kuwa imechoka. Yangu mimi inakaa dakika 40, umeme ukikatika nakimbizana kuhifadhi kazi.

Vumbi na maji. Wale wa karasha na mwaloni mnanielewa. Laptopu nyingi zina feni, feni inavuta vumbi, vumbi linaziba, mashine inachemka na kuzimika. Kishikwambi hakina feni. Lakini kioo chake kikipata maji au mkono wenye tope kinachanganyikiwa, na kikidondoka kwenye jiwe ndio basi tena.

Kuandika. Barua ya ukurasa mmoja, kishikwambi kinaweza. Ripoti, mtihani, hesabu ndefu za Excel, laptopu. Kuna kibodi za bluetooth za kuunganisha na kishikwambi, zinasaidia vidole, ila haziponyi tatizo la majedwali kuhama.

Fomu za mtandaoni. Maombi ya mkopo wa chuo au ya ajira unaweza kuyajaza kwa kishikwambi, na kamera inakusaidia kugeuza cheti kuwa PDF. Hapa usidanganywe kwamba lazima laptopu.

Laini. Kishikwambi chenye sehemu ya laini kinaingia mtandaoni chenyewe. Laptopu nyingi zinataka uwashe simu iwagawie bando, na Windows ikianza kujisasisha kimya kimya, bando la wiki linaondoka jioni moja.

Ufundi. Laptopu nyingi za zamani unaweza kuongeza RAM, kubadili diski, betri hata kibodi. Kishikwambi kila kitu kimegandishwa humo ndani, na kioo cha aina isiyojulikana fundi anaweza asikipate kabisa.

KABLA HUJALIPA, KAGUA HAYA

1. Kishikwambi kisipungue RAM ya GB 3, bora 4. Chini ya hapo kitakuwa kinaganda mpaka utukane.
2. Kama kimetumika, mwambie muuzaji akifute mbele yako na akiwashe upya. Kikidai akaunti ya Google ya mtu mwingine na muuzaji haijui, rudisha hela yako mfukoni.
3. Kikiwa na alama au nembo ya Serikali, usikiguse hata kwa elfu hamsini. Hiyo ni mali ya umma, na siku ikifuatiliwa utakayekutwa nayo ni wewe.
4. Chenye laini kina namba ya IMEI. Iangalie kwenye mipangilio uone kama inafanana na ya kwenye boksi. Juni 2016 TCRA ilizima simu feki, na watu walipoteza hela zao hivi hivi.
5. Laptopu iliyotumika, ichomoe kwenye umeme uone inakaa dakika ngapi. Bonyeza herufi zote. Chomeka fleshi kwenye kila tundu. Isikilize feni.
6. Uliza kama inaweza kupokea Windows 11. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025. Bado inawaka na kufanya kazi, lakini usiinunue kwa bei ya mashine ya kisasa.

SASA WEWE NI YUPI?

Kama unataka kusoma, kufuatilia masomo ya video, kujaza daftari la mauzo dukani au idadi ya mifuko mwaloni, chukua kishikwambi na ulale usingizi. Kama unataka kuchapa kazi za watu, unaenda chuo kwenye ripoti na utafiti, au unataka kujifunza kutengeneza programu, subiri, jikusanye, nunua laptopu hata iliyotumika. Na kama hela haitoshi kwa laptopu, usinunue kishikwambi kama hatua ya kuelekea huko. Hicho ndicho kilichonimaliza mimi. Endelea kukodi kafe kwa saa, ile 320,000 yangu ingeweza kulipia saa 320 za mashine nzima yenye kibodi, na wale wateja wanne ningekuwa nao mpaka leo.

Mwenye uzoefu tofauti aweke hapo chini kwenye maoni, tufundishane. Nawakilisha.