Shimizi Chini ya Sufu: Gauni la Kubana na Joto la Kiangazi katika Ulaya ya Enzi za Kati

Kitabu cha sala kiitwacho Très Riches Heures, ambacho ndugu wa Limbourg walimchorea Mtawala wa Berry kati ya 1412 na 1416 hivi, kina ukurasa wa mwezi wa Juni wenye wanawake wawili wanaokusanya nyasi zilizokatwa, nje ya kuta za Paris. Wako pekupeku, vichwa wamevifunga vitambaa vyeupe. Aliyevaa buluu, gauni limemkaa sawasawa kifuani, ila upindo ameupandisha akauchomeka kiunoni, na chini yake inachungulia nguo nyeupe. Siri ya kustahimili joto ndani ya gauni la kubana ni hiyo nguo nyeupe.

Mwanzoni mwa karne ya 14 wanawake wa Ulaya walikuwa bado wakivaa magauni mapana, yaliyokatwa kwa mistari iliyonyooka. Katikati ya karne hiyo mtindo ukageuka: gauni likaanza kufuata mwili kutoka mabegani hadi nyongani, likifungwa kwa vifungo au kwa kamba iliyopitishwa kwenye vitundu. Kitambaa chenyewe mara nyingi kilikuwa sufu. Anayesikia hivyo leo hudhani wanawake wale waliteseka. Mimi naamini vazi hilo lilikuwa na akili nyingi kuliko tunavyolipa sifa.

Ngozini ilitangulia shimizi ya kitani (neno letu hili lina undugu na chemise la Wafaransa). Kitani hunywa jasho upesi na hukauka upesi. Shimizi ndiyo iliyofuliwa mara kwa mara, ikapigwa na kuanikwa juani, ilhali gauni la sufu halikufuliwa ovyo. Sufu nayo, ikifumwa nyepesi, haistahili lawama zote inazotupiwa: inaweza kubeba unyevu unaokaribia theluthi moja ya uzito wake kabla mvaaji hajaihisi kuwa imelowa. Waganga walilijua jambo la kitani. Ibn Butlan, tabibu wa Baghdad wa karne ya 11, aliandika kitabu cha kulinda afya ambacho kilitafsiriwa kwa Kilatini kwa jina la Tacuinum Sanitatis. Nakala zilizochorwa Italia ya kaskazini mwishoni mwa karne ya 14 zina kurasa za mavazi pamoja na za vyakula, na humo kitani husifiwa kwa kutuliza joto la mwili.

Kwa matajiri, bitana ndiyo iliyobadilika pamoja na majira. Joho lililotiwa manyoya wakati wa baridi lilitiwa hariri nyepesi kiangazi kilipofika.

Lakini kitambaa kizuri hakimwokoi mvaaji ikiwa mkato ni mbaya. Mwaka 1921 mwanaakiolojia Poul Nørlund alifukua makaburi ya enzi za kati huko Herjolfsnes, Greenland, akapata nguo za sufu ambazo leo zimo katika Makumbusho ya Taifa ya Denmark. Ukizitazama unaona vipande vingi virefu vilivyoungwa ubavuni, vyembamba juu na vipana chini: kiwiliwili kinashikwa, miguu inaachwa huru, na hewa inapita. Huko Lengberg, ngome ya Tyrol nchini Austria, mwaka 2008 vilipatikana chini ya sakafu zaidi ya vipande 2,700 vya nguo. Miongoni mwavyo mlikuwa na sidiria za kitani za karne ya 15. Kumbe kubeba kifua hakukuachiwa gauni peke yake, na gauni ambalo halikubebeshwa kazi hiyo halina haja ya kukazwa.

Kisha kuna mikono. Katika mchoro wa Rogier van der Weyden wa Yesu akishushwa msalabani, uliopo katika makumbusho ya Prado, Madrid, Maria Magdalena amevaa gauni la mikono mifupi, na mikono mirefu imebandikwa juu yake kwa pini. Joto likizidi, pini inachomolewa, mkono unawekwa kando, na mwanamke anabaki na shimizi yake kuanzia pale mkono mfupi unapoishia hadi kiganja. Sijaona ufumbuzi mwepesi kuliko huo katika historia yote ya ushonaji.

Wewe fundi utakayeombwa kushona gauni la namna hii kwa ajili ya jukwaa au maonyesho mahali penye jua kali, usikimbilie poliesta kwa sababu ni rahisi, kwani itamfungia mvaaji jasho lake mwilini. Anza na shimizi ya kitani, pana na ndefu. Gauni likate kwa sufu nyepesi au kitani kizito, lisitiwe bitana pasipo lazima, lifungwe kwa kamba mbele ili mvaaji alilegeze mwenyewe, na mikono ibandike kwa pini.