Stelingi: Istilahi ya Watazamaji wa Filamu na Mipaka ya "Mhusika Mkuu"

Stelingi ni jina ambalo wapenzi wa filamu nchini Tanzania humwita mtu ambaye kisa kinamfuata tangu mwanzo hadi mwisho, ambaye mwigizaji wake ametangulizwa katika orodha ya majina, na ambaye, kwa mazoea ya watazamaji, hatarajiwi kufa kabla picha haijaisha. Maana hii ina sehemu tatu, ya kwanza ikihusu muundo wa kisa, ya pili ikihusu biashara ya filamu, na ya tatu ikihusu ahadi ambayo mtazamaji anaamini kwamba amepewa. Na taabu yote ya kulitafutia neno hili kisawe katika Kiswahili cha vitabuni inatokana na ukweli kwamba ni vigumu kupata neno jingine linalozibeba sehemu hizo zote kwa pamoja. Anayewasikiliza watu wawili wakibishana juu ya picha waliyoitazama usiku uliopita hatakaa sana kabla hajalisikia, kwa kuwa hukumu nyingi za watazamaji huanzia hapo: stelingi anajua kupigana, stelingi hana akili, stelingi kaonewa, stelingi kauawa bila sababu.

Asili yake ni neno la Kiingereza "starring", ambalo huandikwa kwenye mabango na mwanzoni mwa filamu likitangulia majina ya waigizaji wakuu, na ambalo katika lugha hiyo ni umbo la kitenzi lenye maana ya kumweka mtu fulani kuwa nyota wa mchezo. Mtazamaji wa Kiswahili, aliyeliona neno hilo limesimama juu ya jina la mtu, alilichukua kuwa cheo cha mtu huyo, na kwa hatua hiyo moja kitenzi kikawa nomino. Irabu i ikaongezwa mwishoni kwa kanuni ya kawaida ya silabi za Kiswahili, r ikabadilishana na l kama inavyotokea katika maneno mengi ya mkopo, na a ya silabi ya kwanza ikawa e, pengine kwa mvuto wa neno la mkopo la usukani wa gari, ambalo kwa matamshi ni jirani yake wa karibu. Tahajia bado haijatulia, kwani wapo wanaoandika staringi, wapo wanaoandika sterling kana kwamba ni fedha ya Uingereza, na wapo wanaoandika stelingi, umbo linalotumika katika makala haya kwa sababu ndilo linalofuata sauti inayotoka kinywani.

Cheo chenyewe kina historia yake. Katika miaka ya mwanzo ya sinema nchini Marekani kampuni nyingi hazikuyatangaza majina ya waigizaji, na Florence Lawrence alijulikana kwa watazamaji kama msichana wa Biograph, yaani kwa jina la kampuni iliyomwajiri, hadi Carl Laemmle alipomchukua na, mwaka 1910, akaanza kulitangaza jina lake waziwazi ili kuvuta watu. Tangu hapo jina la mwigizaji likawa sehemu ya bidhaa inayouzwa, na nani atangulie kutajwa likawa jambo la kugombewa katika mikataba. Kwa hiyo mtazamaji wa Kariakoo anayeuliza "stelingi nani?" kabla hajalipa kiingilio anauliza swali lilelile ambalo wenye kampuni walitaka liulizwe.

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, kwa upande wao, hutumia "mhusika mkuu", istilahi iliyojengwa juu ya kitenzi husika na inayomtaja mtu kwa uzito alionao katika matukio ya kisa, bila kujali ni mwema au mwovu, na bila kujali nani anaicheza nafasi hiyo. Istilahi hii hutumika kufasiri neno ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelirithi kutoka Kigiriki, na ambalo hapo awali lilikuwa na maana ya mshindani wa kwanza. Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba katika michezo ya Ugiriki ya kale jina hilo lilimhusu mwigizaji: Aristotle anaeleza kwamba Aeschylus ndiye aliyeongeza idadi ya waigizaji kutoka mmoja hadi wawili, na Sophocles akaongeza wa tatu, na wa kwanza kati yao ndiye aliyebeba sehemu nzito zaidi. Baadaye sana ndipo neno hilo lilipohama kutoka kwa mtu anayecheza kwenda kwa mtu anayechezwa. Stelingi limepita njia hiyohiyo, ila halijafika mwisho wake, kwa sababu mtazamaji anaweza kusema kwamba stelingi wa Commando (1985) ni Arnold Schwarzenegger, na papo hapo akasema kwamba stelingi alitekewa binti yake, akimkusudia John Matrix, bila kuhisi kwamba amehama kutoka duniani kwenda kisani. Wanaoliona neno hili kuwa ni kuchanganya mambo wanapaswa kukumbuka kwamba Wagiriki nao walianzia kwenye mchanganyiko huohuo.

Sababu ya neno hili kushika mizizi inaeleweka zaidi mtu akiyafikiria mazingira ambamo picha zilitazamwa. Katika majumba ya sinema ya Dar es Salaam na Zanzibar, na baadaye katika mabanda ya video ambayo watu waliyabatiza jina la banda umiza, filamu zilikuwa za Kihindi, za Kiingereza na za Kichina kutoka Hong Kong, na watazamaji wengi hawakuzifahamu lugha hizo wala hawakuyashika majina ya wahusika. Aliyetaka kumsimulia mwenzake picha ilimbidi awataje watu kwa kazi zao katika kisa, na ndivyo lilivyojengeka kundi zima la majina: stelingi, adui, jambazi, mchumba wa stelingi, na rafiki wa stelingi, ambaye kwa kawaida huuawa katikati ya picha ili stelingi apate sababu ya kukasirika. Mrusi Vladimir Propp, katika utafiti wake wa ngano uliochapishwa mwaka 1928, aliwapanga wahusika kwa njia inayokaribiana sana na hiyo, akiyaacha majina na sura zao na kuangalia kila mmoja anatenda nini, naye akapata nyanja saba za utendaji, ya shujaa na ya adui zikiwemo. Vijana wa mabandani hawakuhitaji kumsoma ili kuuona mpangilio huo. Waliotazama picha 100 za aina moja walikuwa na ushahidi wa kutosha mbele ya macho yao.

Watafsiri wa filamu, yaani wasimulizi wanaozungumza juu ya sauti ya picha na kuifasiri kwa Kiswahili chenye mbwembwe na maoni yao wenyewe, walilieneza neno hili mbali zaidi. Dar es Salaam ilimfahamu Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, na Kenya inaye DJ Afro. Nchini Uganda kazi kama hiyo hufanywa kwa Kiluganda na watu wanaoitwa vijei. Msimulizi wa aina hii huona kila picha akiwa mtazamaji mwenzao wa walioketi chini, hivyo hukumu juu ya stelingi hutolewa wakati picha ikiendelea, wala haisubiri watu watoke nje.

Sehemu ya tatu ya maana, ile ya ahadi, ndiyo yenye utata na ndiyo inayozaa mabishano matamu kuliko yote. Msemo "stelingi hafi" hutumika kama kanuni, na filamu inayoivunja hujadiliwa kwa muda mrefu, kwa kuwa watazamaji hulazimika kuchagua kati ya kuiacha kanuni na kubadili mtu waliyemwita stelingi. Katika Sholay ya Ramesh Sippy (1975), Jai, anayechezwa na Amitabh Bachchan, anakufa, na rafiki yake Veeru, anayechezwa na Dharmendra, anabaki hai. Wanaoitetea kanuni husema kwamba jina la Dharmendra ndilo lililotangulia, kwa hiyo stelingi hakufa, na wale ambao mioyo yao ilikuwa kwa Bachchan huona hiyo ni hoja ya karani. Katika Deewaar ya Yash Chopra, ambayo ni ya mwaka uleule, hoja ya karani haisaidii sana, kwa sababu Vijay wa Bachchan anapigwa risasi na ndugu yake mwenyewe ambaye ni polisi, kisha anafia mikononi mwa mama yao, na atakayesema kwamba stelingi alikuwa yule polisi atapata wachache wa kumuunga mkono. Fist of Fury (1972) inakwepa kesi kwa ujanja: Bruce Lee anaruka kuelekea kwenye bunduki, picha inaganda akiwa hewani, milio ya risasi inasikika, na asiyetaka afe ana haki kamili ya kusema kwamba hakuonekana akianguka.

Wenye filamu wenyewe wanaifahamu nguvu ya ahadi hii. Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, Rambo anakufa, na mwisho wa namna hiyo ulipigwa picha pia wakati wa kutengeneza First Blood (1982), lakini watazamaji wa majaribio hawakuupenda, ukabadilishwa, na Sylvester Stallone akabaki na mtu wa kumrudia katika filamu zilizofuata. Alfred Hitchcock alifanya kinyume katika Psycho (1960), pale alipomchukua Janet Leigh, mwigizaji mwenye jina kubwa, akamfanya mtazamaji amfuate mwanamke aliyeiba dola 40,000 na kutoroka nazo, kisha akamuua bafuni kabla filamu haijafika hata nusu, huku akisisitiza kwamba anayechelewa asiruhusiwe kuingia ukumbini. Mhakiki anayetumia "mhusika mkuu" atalazimika kusema kwamba filamu imebadilisha mhusika mkuu katikati, maelezo ambayo ni sahihi lakini ni baridi. Anayetumia "stelingi" atasema kwamba stelingi ameuawa, na kwa kusema hivyo atakuwa ameeleza pia kwa nini ukumbi mzima ulishtuka.

Maneno mengine yanayopendekezwa yanaweza kupitiwa kwa haraka. "Shujaa" lina hukumu ya maadili ndani yake, hivyo halimfai jambazi anayeongoza kisa. "Jagina" lina kasoro hiyohiyo na linanukia utenzi. "Nguli" siku hizi limeelemea kwa bingwa wa fani, kama vile nguli wa muziki au wa uandishi. Na "nyota" au "staa" humtaja mtu mwenye umaarufu hata akiwa nyumbani kwake amelala. Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, alikuwa staa siku zote, lakini alikuwa stelingi ndani ya filamu tu, na wapenzi wa Bongo Movie walijua sura yake ikiwa kubwa kwenye jalada maana yake ni nini.

Filamu ambayo haikujengwa kwa kufuata desturi hizo hulitia neno hili majaribuni. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inamfuata Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeikimbia ndoa aliyolazimishwa na wazazi wake, na Denge, kijana anayepambana na utawala wa Waingereza huko Zanzibar. Mhakiki wa riwaya hana tabu kusema kwamba wote wawili ni wahusika wakuu. Mtazamaji anayemtafuta stelingi, hata hivyo, hana sura iliyozoeleka ya kumwongoza, kwa kuwa Ikhlas Gafur Vora na Gudrun Columbus Mwanyika hawakuingia katika filamu hiyo wakiwa na umaarufu wa Kanumba, wala hana ngumi na risasi za kumpa dalili, na akimtaja Denge kwa sababu tu ni mwanamume mwenye mapambano atakuwa ameonyesha upungufu wa mazoea yake kuliko wa filamu. Katika jambo hili "mhusika mkuu" lina faida ya wazi, na haifai kulibeza.

Zubeida Tumbo-Masabo na Hermas Mwansoko, katika mwongozo wao wa uundaji wa istilahi uliotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1992, ni miongoni mwa walioliwekea suala la istilahi za Kiswahili misingi ya kitaaluma, na vigezo ambavyo wanaistilahi hupenda kuvitaja ni pamoja na uwazi wa maana, ufupi, uzalishaji na kukubalika kwa watumiaji. Kwa uwazi, stelingi linashindwa, kwa maana asiyelijua hawezi kulifumbua kwa kutazama viungo vyake; kwa ufupi linalingana na istilahi yoyote nzuri; na kwa kukubalika limeshapita mtihani ambao istilahi nyingi za kamati hazijawahi kuufikia, kwani lilizaliwa na watumiaji wenyewe. Ushauri wenye mantiki ni kuyaacha maneno haya mawili yagawane kazi, "mhusika mkuu" likitumika kwa uchambuzi wa kisa cha aina yoyote, na "stelingi" likitumika pale ambapo mwigizaji, nafasi yake na matarajio ya mtazamaji vinazungumziwa kama kitu kimoja. Tamthilia ndefu za televisheni zinaonyesha haja ya mgawanyo huo: Game of Thrones ilipoanza mwaka 2011 ilimtanguliza Sean Bean katika nafasi ya Ned Stark, ikamkata kichwa katika sehemu ya 9, na watazamaji walioendelea hadi msimu wa mwisho walikuwa na wahusika wakuu wengi na hawakuwa na stelingi hata mmoja waliyeweza kumdhamini.

Kidahizo cha kamusi kinaweza kuandikwa hivi: stelingi, nomino ya viumbe yenye upatanisho wa a-/wa-, wingi stelingi au mastelingi, maana ya kwanza, mtu ambaye kisa cha filamu humfuata na ambaye watazamaji hutarajia abaki hai, maana ya pili, mwigizaji anayecheza nafasi hiyo, maana ya tatu, katika mazungumzo, mtu anayeendesha au kuamua jambo, kama katika sentensi "Beki yule ndiye aliyekuwa stelingi wa mechi nzima". Kutokana nacho hupatikana ustelingi, yaani nafasi au hadhi ya kuwa stelingi, kama watazamaji wanaposema kwamba fulani amepewa ustelingi kabla hajaiva.