Kirilo alitangulia New York

 

Juzi kwenye Hiace ya Usa River mzee mmoja alitamka kwamba demokrasia tumeletewa na Mwingereza, eti sisi tulizoea amri ya chifu tu. Nikawakumbuka Iroquois, Wahindi Wekundu wenye muungano wa mataifa sita. Kwao kina mama wa koo ndio waliochagua machifu na kuwavua. Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kukiri mchango wao katika katiba ya nchi ile. Wanahistoria bado wanabishana mchango huo ni mkubwa kiasi gani, lakini walau umekiriwa.

Sasa njoo Meru. Mangi alikuwepo, ndiyo, ila kila ukoo ulikuwa na mshili wake na kila rika lilikuwa na wasemaji wake. Jambo lilizungumzwa mpaka watu wakubaliane. Mkoloni ndiye aliyempa Mangi rungu.

Novemba 1951 serikali ikaanza kuwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ardhi wapewe walowezi. Nyumba zikachomwa moto. Wameru hawakushika mikuki. Walikaa vikao kwa koo na marika, wakachangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, mpaka Umoja wa Mataifa, 1952. (Chifu Deskaheh wa Iroquois alikwenda Geneva 1923 kudai haki ya watu wake, hakupewa nafasi ya kusema. Kirilo alisikilizwa.)

Je, walishinda? Kwenye Baraza Kuu azimio la kuwatetea lilikosa theluthi mbili ya kura, na ardhi haikurudi wakati ule. Ila mwaka 1953 Wameru walimchagua wenyewe Mangi mpya, Sylvanus Kaaya. Mwaka uliofuata TANU ikazaliwa, na 1955 Mwalimu Nyerere akapanda ndege kwenda New York, kwenye Baraza lile lile la Udhamini.

Kitabu nilichosomea historia shuleni kilikuwa na safari ya Mwalimu. Ya Kirilo sikuiona.

Kama una bibi au babu aliyekuwa mtoto Engare Nanyuki mwaka ule, naomba uniunganishe naye. Kinasa sauti ninacho, nauli nitajitegemea.