Kijiji Kilichopimwa kwa Mwendo wa Farasi

Mwaka 1982 nilikuwa fundi kijana wa matrekta katika mashamba ya ngano ya Hanang, mashamba ambayo Kanada ilikuwa ikiyasaidia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwezi Machi mwaka huo nikapelekwa huko Kanada, nikae na mzee mmoja mkulima na mkewe katika kijiji cha jimbo la Saskatchewan, nijifunze kazi tangu kupanda hadi kuvuna. Nilifika theluji ingali ardhini. Usiku magari yalichomekwa waya wa umeme ili injini zisigande, na mimi nililala na soksi jozi tatu.

Kijiji chenyewe hakikufika watu mia na hamsini. Palikuwa na duka, posta, shule, makanisa mawili na ukumbi wa barafu ambamo wazee kwa watoto walikusanyika majira ya baridi. Kando ya reli yalisimama maghala matatu ya nafaka, ya mbao, marefu kama jengo la ghorofa saba. Nchi ile ni tambarare kama meza, kwa hiyo ukiwa mbali uliyaona maghala kabla hujaona kijiji, na kwa mbali zaidi uliona maghala ya kijiji kinachofuata. Nilimwuliza Mzee kwa nini vijiji vimepangwa hivyo, kama vigingi vya uzio. Akacheka, akasema aliyevipanga ni farasi.

Hakuwa anatania. Sheria ya ardhi ya mwaka 1872 ilimpa mhamiaji ekari 160 kwa ada ya dola kumi, mradi akae pale miaka mitatu, ajenge na alime. Reli ya kuvuka nchi nzima ilikamilika mwaka 1885, na baadaye matawi yake yakatambaa kila upande. Lakini ngano ilipaswa kufikishwa kwenye reli kwa gari la farasi, na mkulima arudi kwake siku hiyo hiyo. Ndiyo maana vituo viliwekwa kila baada ya maili nane au kumi, na kila kituo kikazaa kijiji. Kuna njia moja ya reli ambako kampuni ilivipa vituo majina kwa kufuata alfabeti, A, B, C, mtu asiwe na haja hata ya kufikiri.

Wazazi wa Mzee walifika miaka michache baada ya Saskatchewan kuwa jimbo mwaka 1905. Nyumba yao ya kwanza ilijengwa kwa mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na majani yake, maana miti haikuwapo. Miaka ya 1930 ukame na upepo vilichukua udongo wa juu, na mama yake alikuwa akitandika vyombo mezani kifudifudi, akivigeuza chakula kinapopakuliwa, vumbi lisiingie. Majirani wengi walihama. Waliobaki walifahamiana kwa namna ambayo sisi wa ujamaa tuliihubiri zaidi kuliko tulivyoitenda.

Niliiona kwa macho yangu. Mwezi Septemba jirani mmoja alianguka kutoka juu ya pipa la kuhifadhia nafaka akavunjika nyonga, ngano yake ikiwa imeiva shambani. Jumapili zikaja kombaini sita bila mtu kupiga mbiu. Akina mama walileta chakula kwenye magari, tukala tumesimama kando ya shamba, na kufika saa tatu usiku ekari zote zilikuwa zimevunwa. Hakuna aliyetaja malipo ya hospitali. Jimbo lile ndilo lililotangulia Kanada nzima kuanzisha matibabu ya umma kwa watu wote, tarehe 1 Julai 1962, na madaktari wakagoma siku 23 kulipinga. Mzee alikumbuka mgomo ule kwa hasira, kana kwamba ulikuwa wa wiki iliyopita.

Sasa nieleze jambo ambalo limenifanya niandike.

Siku moja tukiwa juu ya trekta Mzee aliniuliza, “Huko kwenu mnakolima ngano, kabla ya trekta palikuwa na nani?” Nikamjibu, “Hapakuwa na mtu, Mzee. Ni mbuga tu.” Ndivyo tulivyofundishwa kusema.

Akanyamaza mpaka mwisho wa mfuo. Kisha akasema, “Baba yangu naye aliambiwa hivyo.”

Jioni akanipeleka kwenye pembe ya shamba lake ambayo haijawahi kulimwa. Ndani ya majani palikuwa na mawe yamepangwa duara, kama hatua saba kutoka upande hadi upande. Yalikuwa yakishikilia hema za ngozi za wenyeji wa nchi ile. Watu hao walifuata nyati wa kule, wale wenye manyoya mazito mabegani, hadi nyati wakamalizwa kufikia miaka ya 1880. Mifupa iliokotwa na walowezi, ikauzwa na kupelekwa kwa treni kusagwa kuwa mbolea. Mji mkuu wa jimbo, Regina, kwanza uliitwa Rundo la Mifupa. Wenyeji walitia mikataba na Serikali, ule wa nne mwaka 1874 na wa sita mwaka 1876, wakatengewa maeneo yao, na baada ya maasi ya 1885 hawakuruhusiwa kutoka bila cheti cha ofisa. Msomaji anayekijua kipande cha Kenya hahitaji kuelezwa zaidi.

Nilirudi Hanang, nikalima. Mashamba yalikuwa saba, kila moja kama ekari elfu kumi, na palikuwa na watu: Wabarbaig, wenye ng'ombe wao waliohama kufuata majani. Walizuiwa njia zao za mifugo, na makaburi ya wazee wao, yale ya vilima vya udongo wanayoyaita bung'ed, yalipitiwa na majembe. Kesi ya watu wa Mulbadaw ilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1985, wakashindwa. Mimi nilitengeneza matrekta yale. Kilima kimoja nilikiona kabla hakijalimwa na baada ya kulimwa, na mshahara nikapokea.

Mzee aliniandikia kila Krismasi. Mwaka 1995 Serikali yao iliondoa ruzuku ya kusafirisha nafaka kwa reli, ambayo mizizi yake ni mapatano ya mwaka 1897. Njia ndogo za reli zikafungwa, na malori makubwa sasa hupeleka ngano mbali, kwenye maghala ya zege. Maghala mawili ya kijiji yalibomolewa kwa siku moja. Shule ilifungwa baadaye. Mwendo wa farasi haukuhitajiwa tena na mtu yeyote.

Mwaka 1999 nilimwandikia nikakiri kwamba siku ile kwenye trekta nilimdanganya. Barua iliyorudi ilikuwa na mwandiko wa Mama. Mzee alifariki wakati wa baridi, barua yangu ilimkuta hayupo. Shamba amelikodisha kwa kijana mwenye mashine pana mno, isiyopenda pembe. Amemwomba ayazunguke yale mawe, naye amekubali, ila hawakuandikiana.