Kipimo Kimoja kwa Miji Yote: Richard Saul Wurman na Historia ya Usanifu wa Taarifa

Utangulizi

Historia ya usanifu wa majengo huandikwa kwa kawaida kwa kufuata majengo yaliyosimama. Kwa kigezo hicho, Richard Saul Wurman, aliyezaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1935, angepata nafasi finyu. Alihitimu usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1959, akafanya kazi chini ya Louis Kahn, kisha akawa mbia katika kampuni ya usanifu mjini humo. Hata hivyo, kilichomjengea jina ni vitabu, ramani, miongozo ya miji na makongamano. Makala haya yanadai kwamba kiini cha kazi yake hakikuwa kupamba taarifa, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali kuzifanya zilinganishike. Yanaonesha pia kwamba kazi iliyoanza kama huduma kwa raia iligeuka, kwa sehemu kubwa, kuwa bidhaa ya wenye uwezo, na kwamba mgeuko huo unawahusu watunga sera.

Somo la kipimo

Mwaka 1962 Wurman alikuwa akifundisha usanifu mjini Raleigh, katika jimbo la North Carolina. Ramani za miji zilizokuwa zikichapishwa wakati huo zilikuwa na kasoro moja kubwa: kila mji ulichorwa kwa kipimo kilichotoshea ukurasa wake. Mji mdogo na jiji kubwa vilionekana sawa machoni pa msomaji. Wurman na wanafunzi wake walikusanya miji 50 ya zama na mabara mbalimbali, wakaichora na kuifinyanga yote kwa kipimo kimoja. Katika mifinyango yao kipimo kilikuwa 1:43,200, yaani sentimita 1 iliwakilisha mita 432. Tofauti za ukubwa ambazo zingehitaji kurasa nyingi za maelezo zikaonekana kwa mtazamo mmoja.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo, lakini mantiki yake ni ileile ya sokoni. Mnunuzi hawezi kujua ni nani anayeuza mchele kwa bei nafuu ikiwa kila muuzaji ana kibaba chake. Tarakimu zinaweza kuwa sahihi zote, na bado zisimwambie mtu kitu.

Mwaka 1966 Wurman na Joseph Passonneau walichapisha atlasi ya miji 20 ya Marekani kwa kipimo cha 1:48,000. Safari hii hawakulinganisha umbo la miji peke yake, bali pia msongamano wa watu na kipato chao. Takwimu za sensa, ambazo hapo awali zilikaa katika majedwali, ziliwekwa juu ya ardhi ambamo watu wenyewe waliishi. Kwa mpangaji wa mji, swali la mahali maskini walipoishi likawa swali linaloweza kuulizwa kwa miji 20 kwa namna moja.

Mji unaoonekana

Katika muongo wa 1970 kazi hiyo ilichukua sura ya kiraia waziwazi. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu kuufanya mji uonekane, Wurman alishughulikia njia za kumwezesha mkazi kuona na kuelewa mji anamoishi. Mwaka 1972 alihariri kitabu kilichopangwa kialfabeti, kwa mfano wa kitabu cha simu cha biashara, kikionesha kile ambacho mtoto angeweza kujifunza kutoka kwa watu na sehemu za kazi mjini. Mwaka 1976 aliongoza mkutano wa kitaifa wa wasanifu majengo wa Marekani mjini Philadelphia, ambao mada yake ilikuwa usanifu wa taarifa. Katika kipindi hiki, taarifa zilizokusudiwa kusanifiwa zilikuwa kwanza taarifa za umma.

Kuingia sokoni

Mwishoni mwa muongo huo Wurman alihamia Los Angeles, jiji ambalo hakulifahamu. Kutokana na ugeni huo alianzisha miongozo ya miji iliyoitwa Access. Miongozo ya kawaida iliweka hoteli katika sura moja, migahawa katika nyingine na makumbusho katika ya tatu. Yeye alifuata mitaa, ili msomaji ajue kilicho karibu naye pale aliposimama, na akatumia rangi za maandishi kutofautisha aina za mahali. Katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu wasiwasi unaoletwa na wingi wa taarifa, alieleza kwamba njia za kupanga taarifa ni chache: kwa mahali, kwa alfabeti, kwa wakati, kwa aina, na kwa ukubwa au daraja.

Mwaka 1984, akiwa na Harry Marks, aliitisha kongamano la TED mjini Monterey, California. Kongamano hilo lilipata hasara, na la pili halikufanyika hadi mwaka 1990. Lilipostawi, lilikuwa la walioalikwa na walioweza kulipa ada kubwa. Mwaka 2001 Wurman aliliuza kwa taasisi ya Chris Anderson. Ni chini ya uongozi huo mpya ndipo hotuba zilipoanza kutolewa bure kwenye intaneti mwaka 2006, na ndipo kongamano la TEDGlobal lilipofanyika Arusha, Tanzania, Juni 2007. Mlango wa umma ulifunguliwa baada ya mwanzilishi kuondoka.

Wurman mwenyewe hakurudi nyuma kuhusu swali lake la kwanza. Mwaka 2013, kwa ushirikiano na Jon Kamen na kampuni ya Esri, alizindua jukwaa la kulinganisha ramani za majiji kwenye skrini kwa kipimo kimoja, nusu karne baada ya mifinyango ya Raleigh.

Hitimisho

Wurman alisema mara nyingi kwamba alianzia kwenye kutojua kwake mwenyewe. Hapo ndipo palipo nguvu na mpaka wa kazi yake. Nguvu, kwa sababu mtaalamu anayekiri kutojua huuliza maswali ambayo mzoefu ameacha kuyauliza. Mpaka, kwa sababu kutojua kwa msomi mwenye nauli na ada si kutojua kwa mkulima anayetafuta fungu la kata yake ndani ya kitabu cha bajeti.

Kwa Afrika Mashariki, funzo lina sehemu mbili. Kwanza, ulinganifu huamuliwa kabla ya kuchapisha. Kenya ilifanya sensa mwaka 2019, Tanzania na Rwanda mwaka 2022, na Uganda mwaka 2024. Anayeweka majedwali hayo bega kwa bega bila kuyasawazisha kwa mwaka mmoja na kwa fasili moja ya mji anarudia kosa la ramani za kabla ya 1962, hata rangi zake zikipendeza. Pili, kila ofisi inayotoa taarifa za umma inapaswa kuamua mapema ni kutojua kwa nani kunakoanziwa. Uamuzi huo ukiachwa bila kufanywa, taarifa huishia kwa wale waliokuwa na uwezo wa kuzielewa tangu awali.