Biti Moja Mwishoni mwa Orodha

Mwaka 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta kuu za System/360. Kwa desturi ya mfumo wake, OS/360, programu iliyoiita nyingine haikuikabidhi vigezo vyenyewe, bali orodha ya anwani za vigezo hivyo katika kumbukumbu. Rejista ya 1 ilionyesha orodha ilipoanzia. Anwani ilichukua biti 24 katika neno la biti 32. Katika anwani ya mwisho, biti ya kwanza ya neno, ambayo haikuwa na kazi, iliwekwa 1 kuwa alama ya kikomo. Werevu huo ulikuwa na gharama. System/370-XA, iliyotangazwa mwaka 1981, ilipanua anwani hadi biti 31, si 32, na alama ile ilikuwa miongoni mwa sababu. Nusu ya anwani zilizowezekana iliachwa, ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi.