Kulanti, Kizuia Mgando au Dawa ya Rejeta

Lori likishapakia saruji kiwandani Pongwe hushika barabara ya Segera kwenye joto la pwani, hupita Muheza na Korogwe, na kama mzigo ni wa Lushoto hukata kulia Mombo na kuanza kupanda. Hapo kuna kilomita zipatazo 30 za kona na mwinuko wa karibu mita 1,000, na kabla lori halijafika Soni mshale wa joto umeshainuka. Gari linachemsha, dereva husema, na neno hilo limetoka barabarani likaingia mtaani: siku hizi hata mgombea aliyeanguka kwenye uchaguzi amechemsha. Kimiminika kinachotakiwa kuliepusha lori na aibu hiyo kina majina matatu kwa Kiswahili. Muuza spea hukiita kulanti. Mfasiri anayefuata maneno ya kwenye kopo huandika kizuia mgando. Na wapo wanaosema tu dawa ya rejeta. Hoja yangu ni kwamba jina hilo la tatu, ambalo msomi angelipita kwa kuliona la gereji mno, ndilo linaloeleza kazi ya kitu chenyewe katika nchi hii, na ndilo lingefaa kuingia katika vitabu vya ufundi na maandishi ya kopo. Kulanti linapotosha kidogo. Kizuia mgando linapotosha sana.

Tuanze na hilo linalopotosha sana, kwa kuwa ndilo lenye sura ya usanifu. Limeundwa kwa kufuata kanuni: kitenzi kipo, kiambishi kipo, maana inaonekana. Tatizo ni kwamba kwa msemaji wa Kiswahili mgando ni maziwa kabla hayajawa kitu kingine chochote. Maziwa ya mgando yanauzwa Tanga nzima, na baada ya maziwa kinachoganda ni damu, ndiyo maana hospitali nazo zina dawa za kuzuia damu isigande. Maji kuganda ni habari ya friji. Usiku wa Tanga hausogei hata karibu na nyuzi 10, sembuse sifuri, na barafu ya karibu ambayo haikutengenezwa kwa umeme iko juu ya Kibo. Anayesoma “kizuia mgando” kwenye kopo lililopangwa dukani Pongwe ana haki ya kujiuliza kitu hicho kimefuata nini huku.

Katika nchi za baridi lilikotoka, jina hilo ni la kweli kabisa. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na nguvu ya kutanuka huko hupasua bloku ya injini. Mwanzoni madereva wa nchi za baridi walitia spiriti, ambazo huzuia kuganda lakini huruka haraka injini ikipata moto. Ethilini glikoli, aliyoitengeneza Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz katika miaka ya 1850, haikuwa na kasoro hiyo, na mwaka 1927 ikaanza kuuzwa Marekani kwa jina la Prestone kwa ajili ya magari ya majira ya baridi. Cha ajabu ni kwamba glikoli tupu, isiyotiwa maji, huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji, mchanganyiko haugandi mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri. Kwa hiyo hata huko kwao kizuizi si kile kilichomo koponi peke yake, ni ndoa yake na maji. Jina lilitokana na hofu ya wanunuzi wa wakati ule, na hofu hiyo haikusafiri kuja huku pamoja na kopo.

Kilichosafiri ni matokeo ya jina hilo. Gari lililotumika Japani hushushwa bandarini likiwa na kimiminika chekundu, cha waridi au cha kijani ndani ya rejeta. Anayeamini kwamba kazi yake ni kuzuia barafu hatakuwa na sababu ya kukitunza; bomba la chini likivuja atakiacha kimwagike, kisha atajaza maji ya ndoo na kuendelea na safari. Mantiki yake haina kosa. Kosa liko kwenye jina alilofundishwa. Na maji ya ndoo ni maji ya wapi? Kiwanda cha saruji kilijengwa Pongwe kwa kuwa mawe ya chokaa yako pale pale, na mapango ya Amboni, kaskazini ya jiji, yalichongwa na maji ndani ya mwamba wa chokaa. Maji ya mvua yaliyobeba hewa ya ukaa huiyeyusha chokaa yanapopita mwambani. Yakija kupashwa moto, hewa hutoka na chokaa hurudi kuwa jiwe. Ni ukoko uleule mweupe unaoshika ndani ya birika la anayechemsha maji ya kisima, ila ule wa injini hauwezi kukwanguliwa kwa kijiko. Ifungue rejeta iliyoishi miaka kwa maji ya namna hiyo: tangi la juu linatoa uji wa rangi ya kahawia, na mirija ya katikati, ambayo uwazi wake ni milimita chache tu, imezibwa na gamba gumu lenye kutu na chokaa pamoja. Fundi huichokonoa kwa waya bapa, mrija mmoja mmoja, na mingine humshinda akaiacha.

Atakayesema kwamba maji ya bomba ya jiji hutoka bwawa la Mabayani, katika mto Zigi unaoshuka kutoka Usambara Mashariki, na kwamba si ya kisima, amesema kweli, na huenda akapunguza ukoko. Kutu hatakuwa ameipunguza. Maji safi yana oksijeni, na oksijeni, chuma na joto vikikaa pamoja havihitaji cha nne. Ukiongeza alumini ya hedi, shaba ya rejeta za zamani na risasi ya kulehemu, umetengeneza betri ambayo chuma kimoja kinaliwa ili kingine kipone. Visima vya karibu na bahari huongezea chumvi juu ya hayo, na chumvi ni adui mkubwa wa alumini.

Sasa kulanti. Neno limeingia, limetulia, lina irabu mwishoni kama inavyopasa, na sina ugomvi na ukopaji. Ugomvi wangu ni kwamba linasema kitu kinapoza, na kila anayeijua asili yake hudhani kinapoza kuliko maji. Hakipozi kuliko maji. Kilo moja ya maji hubeba joto jingi kuliko kilo moja ya karibu kimiminika chochote cha kawaida. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hubeba pungufu kwa zaidi ya moja ya kumi. Kwa kazi ya kubeba joto peke yake, maji ya ndoo yanamshinda mgeni wa koponi. Glikoli hupandisha kiwango cha kuchemka, kweli, kutoka nyuzi 100 hadi 107 hivi, na nyuzi hizo si haba kwa lori linalopanda Lushoto, ambako, kwenye mita 1,400, maji ya sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95. Lakini kazi kubwa zaidi ya kuzuia kuchemka hufanywa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima unaobana hadi ba 1 hupandisha kiwango hicho kwa takriban nyuzi 20. Anayetia kulanti nzuri chini ya mfuniko uliokufa mpira ametupa fedha.

Ikiwa si kuganda na wala si kupoza, basi kazi ya pekee ya kitu hiki pwani ni ipi? Ni kulinda. Ndani ya kopo, pamoja na glikoli, mna viambato vya kiasi kidogo ambavyo hufunika chuma kwa utando mwembamba, hupunguza makali ya asidi, hukataza chokaa isishike na hulainisha sili ya wota pampu. Kwa malori kuna kazi nyingine isiyoonekana kwa macho. Injini nyingi za dizeli zina laina ambazo upande wa nje huguswa na maji moja kwa moja. Kila dizeli inapolipuka ndani ya silinda laina hutetema, na kwenye maji yanayoizunguka huzuka viputo vidogo ambavyo hujifunga kwa kishindo na kudonoa chuma. Vishimo hivyo, vyembamba kama tundu la sindano, huendelea kwenda ndani mpaka laina itoboke, na hapo maji na oili hukutana. Maji matupu hayana cha kuzuia udonoaji huo. Nitriti na viambato vya jamii yake vinacho: hujenga utando, nao ukidonolewa hujengwa upya, mpaka viambato viishe.

Hilo la kuisha ndilo linalonifanya nilishike neno dawa. Glikoli haipotezi uwezo wake wa kuzuia kuganda kwa kukaa tu. Kizuia mgando cha miaka saba bado kinazuia mgando. Viambato vya kulinda huisha nguvu, na ndiyo sababu kimiminika hubadilishwa ingawa bado kina rangi yake nzuri. Kuisha nguvu ni sifa ya dawa, na kila anayesema Kiswahili anaijua bila kufundishwa. Tena dawa huwa na kipimo: ikizidi ina madhara, ikipungua haitibu, na za aina mbili hazichanganywi ovyo, kwa kuwa kulanti za aina tofauti zikichanganywa huweza kutoa ute unaoziba mirija ileile tuliyotaka kuilinda. Rangi isimdanganye mtu hapo, kwa kuwa kila mtengenezaji hutia rangi aitakayo.

Pingamizi la kwanza nalitarajia kutoka gereji kwenyewe: jina dawa ya rejeta huweza kuchukuliwa kuwa ni ile ya kuziba tundu la rejeta inayovuja. Ni kweli, na mgongano huo unatatulika kwa kuiita hiyo dawa ya kuziba, kama watu wanavyotofautisha dawa ya kuua mbu na dawa ya kufukuza mbu bila kuitisha kikao. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ethilini glikoli ni sumu yenye utamu. Kiasi kidogo huharibu figo na kuua, na mwaka 2022 nchini Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa katika mkasa uliohusishwa na dawa za maji za kikohozi zilizochafuliwa na glikoli hiyo na ndugu yake diethilini glikoli. Je, ni busara kukiita dawa kitu cha namna hiyo? Najibu kwamba Kiswahili hakikuwahi kulifunga neno dawa ndani ya tumbo la mtu. Kuna dawa ya panya, ya mbu, ya viatu, ya meno, ya nywele, na hakuna anayepaka ya viatu kwenye nywele. Kinacholinda ni lile fungu la pili la jina. Kwa hiyo nakubali sharti moja: kwenye kopo neno dawa lisisimame peke yake kamwe, na neno SUMU liandikwe kwa herufi zisizopungua ukubwa wa jina. Kulanti, ambalo mtoto halielewi kabisa, halimkingi mtoto zaidi.

Wapo watakaouliza kwa nini tumlipishe dereva wa Pongwe glikoli ambayo sehemu kubwa ya kazi yake haihitajiki huku. Swali hili silipingi hata kidogo; ndilo linaloimaliza hoja yangu. Kwa nchi isiyo na baridi, maji yaliyoondolewa chokaa na chumvi yakitiwa viambato vya kulinda vinavyouzwa peke yake, bila glikoli, yanakubalika kwa injini nyingi za kazi, ilimradi kitabu cha injini kinaruhusu. Kitu hicho utakiitaje? Si kizuia mgando, kwa kuwa hakizuii. Si kulanti, kwa kuwa kinachopoza ni maji. Ni dawa ya rejeta, iwe na glikoli au isiwe nayo.

Limebaki swali la mfasiri: neno lililozaliwa kwenye rejeta litafika mbali gani? Tulijaribu mahali ambapo barafu ni jambo la kila mwaka, kwenye gari-nyumba la Ulaya ambalo mwenyewe ameondoa maji kwa ajili ya baridi na bado anataka kuwasha hita. Hita za hewa, kama zile za Truma ya Ujerumani, hupuliza hewa ya moto, na tangi la maji ya kuogea limekizunguka kipashio hichohicho. Vali hufunguka yenyewe joto likishuka hadi nyuzi 3 hivi na kuyamwaga maji, na hita huwashwa tangi likiwa tupu bila kudhurika. Hita za mabomba, kama za Alde ya Uswidi, huzungusha maji yenye glikoli ukutani mwa gari. Hapo mna maji ya namna mbili ndani ya chombo kimoja, na agizo la “toa maji yote” likitafsiriwa neno kwa neno humfanya mtu amwage hata yale yanayobeba joto, kisha awashe hita kavu isiyotengenezwa kuwaka kavu. Anayeandika maelekezo hayo kwa Kiswahili anaweza kusema: toa maji ya kuogea, dawa ya hita usiitoe, ila ibadilishe kila baada ya miaka michache, inapoisha nguvu.